Saa Ambayo Utabiri Haukuitaja: Dhoruba ya Novemba 11, 1940 katika Midwest

Jumatatu ya Novemba 11, 1940 ilikuwa siku ya mapumziko Marekani, siku ya kukumbuka kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Katika majimbo ya Midwest, yaani ya kaskazini-kati mwa nchi, hasa Iowa, Illinois, Wisconsin na kusini-mashariki mwa Minnesota, kulikucha na uvuguvugu ambao mwezi huo hauna kawaida ya kuwa nao. Sehemu nyingine joto lilikaribia nyuzi 18 za Selsiasi. Wawindaji wa bata mwitu wa bonde la mto Mississippi walikuwa wameingoja siku kama hiyo: hakuna kazi, hakuna baridi, na majira ya kuwinda hayajafungwa. Walisukuma mashua zao majini gizani, wengi wakiwa na koti jepesi tu, wengine bila hata glavu.

Kufikia Jumanne jioni dhoruba ya theluji ilikuwa imepita katika ukanda wenye upana wa kilomita 1,600 hivi, kutoka Kansas hadi Michigan. Waliokufa wanahesabiwa kuwa kati ya 145 na 154, kutegemea orodha inayofuatwa. Minnesota peke yake ilipoteza watu 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji waliokuwa visiwani na kwenye vinamasi vya Mississippi. Katika Ziwa Michigan walikufa mabaharia na wavuvi zaidi ya 60.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya watu walioshtukizwa na mbingu. Mimi nakiona kuwa kisa cha utabiri. Utabiri ulikuwepo, na ukiusoma leo neno kwa neno huwezi kusema ulidanganya: ulitaja mawingu, theluji ya hapa na pale na baridi kuongezeka. Vyote vilitokea. Ila mwindaji aliyekuwa akijiuliza kama aondoke mtoni saa tano asubuhi au saa kumi jioni hakuwa na cha kushika katika maneno hayo. Hakuambiwa baridi ingefika saa ngapi pale alipo, wala kwamba ikifika ingefika kwa dakika chache. Hapo ndipo watu walipofia, katika pengo kati ya utabiri ulio sahihi kwa jimbo zima na saa ambayo mtu mmoja mahali pamoja anaihitaji.

Kilichokuwa kikija

Siku chache kabla, mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa ulitua pwani ya Pasifiki. Novemba 7, upepo ulilivunja daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, na wachambuzi wengi wa baadaye wameuhusisha upepo ule na mfumo huuhuu. Ukavuka milima ya Rocky, ukatokeza kwenye nyanda za kati, na Jumatatu ukaelekea kaskazini-mashariki: kutoka Kansas, kupitia Iowa na Wisconsin, hadi Ziwa Superior. Njiani ulizidi nguvu kwa kasi. Duluth, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, mgandamizo wa hewa ulishuka hadi karibu hektopaskali 971, kiwango ambacho watu wa bara hukiona kwa nadra sana.

Mfumo wa namna hii hufanya kazi mbili kwa pamoja. Mbele yake, upande wa mashariki, huvuta hewa ya joto yenye unyevunyevu kutoka Ghuba ya Meksiko. Nyuma yake, upande wa magharibi, huishusha hewa kavu ya baridi kali kutoka Kanada. Mahali hewa hizi mbili zinapogusana ndipo ilipo fronti ya baridi. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hujipenyeza chini na kuinyanyua ile ya joto. Unyevunyevu hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, mvua, kisha theluji. Jambo la kuzingatia kwa aliye chini ni kwamba mpaka huu ni mwembamba. Unaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, nao unasafiri. Aliye mbele yake hupata upepo laini wa kusini na joto la kudanganya. Ukishampita, upepo hugeuka ukavuma kutoka kaskazini-magharibi, na joto halipungui polepole bali huporomoka.

Sisi tuliozoea pwani ya Afrika Mashariki tunajua kaskazi huiachia kusi nafasi kwa majuma, na kati yao kuna maleleji ya kutosha kumpa nahodha muda wa kupanga safari yake. Katika Midwest mwishoni mwa majira ya mapukutiko, upepo wa kusini na ule wa kaskazini-magharibi hubadilishana kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Novemba ndio mwezi wa hatari kwa sababu majira mawili yanakutana. Ghuba ya Meksiko bado ina joto la kiangazi, na maji ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini bado hayajapoa, ilhali kaskazini mwa Kanada jua limekwisha kuwa fupi na theluji imelala. Tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini ndiyo inayolisha mifumo hii, na Novemba tofauti hiyo huwa kubwa mno. Ndiyo maana majanga makubwa ya Maziwa Makuu yanarundikana mwezi huo: dhoruba ya Novemba 7 hadi 10, 1913 iliyoua zaidi ya watu 250 na kuzamisha meli kadhaa, na ile ya Novemba 10, 1975 iliyoizamisha meli ya mizigo Edmund Fitzgerald katika Ziwa Superior pamoja na watu wake wote 29.

Mtoni

Ili kuelewa kwa nini wawindaji walikufa wengi hivyo, ni lazima kuutazama mto wenyewe jinsi ulivyokuwa mwaka ule. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilijenga mfululizo wa mabwawa na malango ya meli kwenye Mississippi ya juu, ili meli za mizigo zipate kina cha futi 9. Maji yalipanda nyuma ya kila bwawa, yakafunika mabonde ya chini, yakaacha visiwa vingi vidogo vilivyozungukwa na maji mapana yasiyo na kina kirefu. Kwa bata wanaohama, hayo yalikuwa malisho. Kwa wawindaji, ilikuwa neema mpya. Lakini maji mapana yasiyo na kina, yakipigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa, huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo mashua bapa ya kuwindia haiwezi kuyapanda.

Asubuhi ile bata walikuja kwa makundi ambayo wazee wa mto walisema hawajawahi kuyaona. Walishuka chini, hawakuogopa bunduki, walikuwa wakikimbia kitu. Wawindaji waliona ni bahati. Sina namna ya kuwalaumu: mtu aliyeamka alfajiri kuwinda bata, akaona bata wanafunika anga, hatarajiwi kukunja mitego yake akarudi nyumbani. Bata walikuwa wanakuja mbele ya fronti ileile, na kila dakika waliyobaki kwa ajili yao ilikuwa dakika iliyotoka kwenye muda wao wa kuvuka.

Kisha mvua ikanyesha. Watu wengi husahau kwamba mvua ilitangulia theluji, na hiyo ndiyo sehemu iliyoua. Mtu aliyelowa hadi kwenye ngozi katika joto la nyuzi 10 anatetemeka tu. Mtu yuleyule, baada ya joto kushuka chini ya sifuri na upepo kuzidi, nguo zake hukakamaa kwa kuganda. Kushuka kwa joto kulifika nyuzi 28 hivi sehemu nyingi, kutoka uvuguvugu wa asubuhi hadi baridi ya chini kabisa ya sifuri kufikia usiku na alfajiri ya Jumanne. Mvua ikawa chembe za barafu, barafu ikawa theluji, na theluji ikawa nzito hata mtu asiione ncha ya mashua yake.

Waliojaribu kuvuka walipinduliwa. Waliobaki visiwani walipindua mashua zao wenyewe, wakajibanza chini yake upande usio na upepo. Walionusurika karibu wote wanasimulia jambo moja: hawakukaa. Walizunguka, waliruka, walipigana ngumi wenyewe kwa wenyewe, baba aliwalazimisha wanawe kutembea kuuzunguka mti usiku kucha. Aliyekaa akapumzika hakuamka.

Jumanne, upepo ukiwa bado mkali, rubani wa mji wa Winona aitwaye Max Conrad alirusha ndege yake ndogo aina ya Piper Cub, ndege ambayo kwa uzito wake haikupaswa kuwa angani siku ile. Alifuata mkondo wa mto akitafuta watu walio hai. Alipowaona aliwaangushia makopo yenye chakula, viberiti na sigara, kisha akazunguka juu yao ili waokoaji wa majini wajue pa kuelekeza mashua. Conrad alikuja kupata umaarufu duniani kwa safari ndefu za peke yake, mojawapo ikiwa kutoka Casablanca hadi Los Angeles bila kutua mwaka 1959. Kwa watu wa bonde lile, safari zake za Novemba 12, 1940 ndizo zinazohesabika.

Kwingineko

Kwenye Ziwa Michigan mabadiliko ya upepo yaliua kwa njia nyingine. Nahodha wa ziwa huchagua ukingo wa kujikinga kulingana na upepo: ukivuma kutoka mashariki au kusini-mashariki, anakaa karibu na ukingo wa mashariki, ambako nchi kavu inamkinga. Upepo ule ulipogeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi na kuzidi nguvu, ukingo uleule uliokuwa kinga ukawa ndio mahali pa kutupwa. Meli za mizigo William B. Davock na Anna C. Minch zilizama karibu na Pentwater, Michigan, na hakuna hata mmoja aliyeokoka. Ya tatu, Novadoc, ilikwama ikavunjika. Wapishi wawili walisombwa na maji, na mabaharia 17 walikaa ndani ya mabaki yake yaliyojaa barafu mpaka mvuvi Clyde Cross alipowafikia kwa mashua yake ya uvuvi, Three Brothers, siku mbili baadaye.

Huko Watkins, Minnesota, treni ya abiria na ya mizigo ziligongana ndani ya theluji ambayo hakuna aliyeweza kuona ishara za reli kupitia kwake. Wakazi wa mji walishikana mikono wakafanya mnyororo wa watu, wakawaongoza abiria hadi kwenye majengo. Collegeville, katika jimbo hilohilo, ilipata theluji ya karibu sentimita 68. Minneapolis na Saint Paul zaidi ya sentimita 42. Upepo uliilundika hadi mita sita mahali pengine. Bata mzinga waliokuwa wakinoneshwa kwa sikukuu ya Shukrani waligandia mashambani, zaidi ya milioni moja kwa hesabu za wakati ule. Na Iowa, iliyokuwa na bustani nyingi za tofaa, ilipoteza miti yenyewe: mapukutiko yalikuwa ya joto, utomvu ulikuwa haujarudi chini, na miti ikapasuliwa na baridi kabla haijajiandaa. Wakulima wengi hawakupanda tena.

Ofisi ya Chicago

Mwaka 1940 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani haikuandika utabiri wa Minnesota ndani ya Minnesota. Utabiri wa eneo lile lote uliandikwa Chicago, ofisi iliyosimamia majimbo mengi ya Midwest. Kutoka Chicago hadi Winona ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na hadi Minneapolis zaidi ya 550. Vituo vya majimboni vilipima na kutuma takwimu. Vilipokea utabiri vikausambaza. Na baadaye ilibainika kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu ile hakukuwa na mtabiri wa zamu Chicago. Takwimu za usiku ziliendelea kuingia kwenye mashine za teletaipu, zinazochapa ujumbe unaotumwa kwa waya, lakini hakukuwa na jicho la kuzisoma na kuzichora ramanini.

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa watu wa wakati ule. Hakukuwa na rada ya hali ya hewa. Setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1, 1960. Utabiri wa kwanza uliokokotolewa na kompyuta, kwa mashine ya ENIAC, ulifanyika mwaka 1950. Maputo yenye vipimo vya redio ya kupima hewa ya juu ndiyo kwanza yalianza kutumika kwa utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1930, tena vituo vilikuwa vichache. Nadharia yenyewe ya fronti, iliyojengwa Bergen, Norwe, na Jacob Bjerknes na wenzake kuanzia mwaka 1919, ilikuwa imechelewa kukubaliwa ndani ya idara. Aliyekuwa mkuu wake tangu mwisho wa 1938, Francis Reichelderfer, ambaye alitoka jeshi la majini na kusomea mbinu hizo Bergen, ndiye aliyekuwa akiisukuma ianze kuzitumia kweli. Mwaka 1940 hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema Jumapili mchana kwamba mfumo ule ungezidi nguvu kiasi kile. Mifumo inayoshuka mgandamizo kwa kasi hiyo ilipata jina na uchambuzi wake kamili mwaka 1980 tu, na bado inasumbua.

Nguvu ya dhoruba, basi, haikutabirika. Lakini saa yake ilitabirika, na hili ndilo ninalolishikilia katika kisa hiki chote. Fronti inayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki huvipita vituo vya magharibi kwanza. Haihitaji kukisiwa, inahitaji kufuatwa. Chukua mfano wa vituo viwili vilivyo kilomita 200 mbali. Cha kwanza upepo wake unageuka saa tisa usiku, cha pili saa moja asubuhi. Fronti imetembea saa nne, yaani kilomita 50 kwa saa. Mji ulio kilomita 150 mbele ya kituo cha pili umebakiwa na saa tatu, na mji huo unapaswa kujua kabla ya saa nne asubuhi kwamba uvuguvugu wake umekwisha. Kazi hiyo inahitaji ramani, penseli, simu, na mtu aliye macho. Hakuna kifaa ndani yake ambacho mwaka 1940 hakikuwepo.

Kilichokosekana ni mtu wa kukaa usiku, na mtu wa kukaa karibu. Na ukaribu huo hauhusu kilomita peke yake. Mtabiri anayeishi Minnesota anajua kwamba Novemba 11 watu wako mtoni. Anajua mabwawa mapya yameufanya mto kuwa mpana. Anajua upepo wa kaskazini-magharibi unavyoteremka kati ya vilima vya mawe vya bonde lile. Mtabiri wa Chicago, mwenye majimbo mengi mbele yake, anaandika "baridi zaidi" na sentensi yake inatosha kila mahali, kwa hiyo haimsaidii mtu yeyote mahali popote.

Je, mwindaji aliyeondoka alfajiri angesikia? Wengi wasingesikia. Hawakuwa na redio ndani ya mashua. Lakini wapo walioondoka asubuhi baada ya kifungua kinywa. Wapo waliorudi nchi kavu saa nne kunywa kahawa, wakasikia habari za bata, wakarudi majini. Wapo waliokuwa na ndugu nyumbani ambao wangepiga kelele ukingoni. Kulikuwa na wasimamizi wa reli, madereva, wafugaji wa bata mzinga. Na upande wa Ziwa Michigan, ambako fronti ilichelewa zaidi kufika, kulikuwa na saa nyingi zaidi za kutumia. Siamini kwamba utabiri wa saa ungewaokoa wote 49 wa Minnesota. Naamini ungewaokoa baadhi, na hilo linatosha kuuita ukosefu wake kosa.

Idara yenyewe ilifika hapohapo. Baada ya malalamiko makali ya wananchi, kazi ya utabiri iliongezwa ikawa ya saa 24, na ofisi zaidi za utabiri zikaanzishwa, ikiwemo ya Minneapolis na Saint Paul iliyopewa mamlaka ya kuandika utabiri wa eneo lake. Leo huduma ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani ina ofisi za utabiri 122, na La Crosse, Wisconsin, kwenye mto uleule, iko moja inayoangalia bonde walilofia wale wawindaji, Winona ikiwemo. Mtu wa zamu yupo usiku na mchana.

Mtego wa joto la juu la siku

Kuna tatizo moja la mwaka 1940 ambalo halikuondoka pamoja na teletaipu, na liko ndani ya simu tulizoshika mkononi. Utabiri wa kawaida hupewa kwa namba mbili: joto la juu la siku na joto la chini. Siku za kawaida namba hizo zinafuata jua, baridi alfajiri na joto saa nane au saa tisa mchana. Siku ya fronti mpangilio huo unavunjika. Joto la juu linaweza kuwa la saa saba usiku, au la saa tatu asubuhi, kisha siku nzima ikawa inashuka. Mtu anasoma "nyuzi 15" akavaa kwa ajili ya mchana, kumbe hizo nyuzi 15 zilikwisha alipokuwa bado amelala.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Novemba 11 nyingine, ya mwaka 1911, miaka 29 kamili kabla. Siku ile fronti ilishuka nyanda za kati kwa nguvu kiasi kwamba Oklahoma City iliweka rekodi ya joto la juu ya tarehe hiyo, zaidi ya nyuzi 28, na rekodi ya joto la chini ya tarehe hiyohiyo, nyuzi 8 chini ya sifuri, kabla ya saa sita usiku. Kansas City ilitoka nyuzi 24 hadi 12 chini ya sifuri. Karibu na Janesville, Wisconsin, kimbunga cha nchi kavu kiliua watu 9, na waokoaji walikuwa bado wanafukua vifusi theluji na upepo wa baridi vilipowafikia, ndani ya saa moja. Mtu wa Oklahoma City aliyepewa wastani wa siku ile angeambiwa ilikuwa siku ya nyuzi 10, siku ya koti jepesi.

Kwa hiyo siku za Novemba mtu wa Midwest anafaa kuusoma utabiri wa saa kwa saa, na ndani yake atafute mwelekeo wa upepo kabla ya joto. Upepo ukiandikwa kusini hadi saa sita, kisha saa saba ukaandikwa kaskazini-magharibi, hapo katikati ndipo fronti inapopita. Barometa ikiwa ukutani inasema vivyo hivyo: inashuka, inashuka, inasimama kidogo, kisha inapanda ghafla, na kupanda huko huwa ndiyo baridi yenyewe inaingia. Ofisi za utabiri huandika pia maelezo marefu ya mtabiri, kwa kawaida mara mbili au zaidi kwa siku, ambamo mtu wa zamu anaeleza kwa nini ameamua alivyoamua na wapi hana uhakika. Ni maandishi makavu kwa sura, lakini ukitaka kujua kama saa ya fronti ni ya kuaminika, hapo ndipo inaposemwa waziwazi: modeli moja ya kompyuta inaileta saa nne, nyingine saa saba, na mtabiri anaegemea upande gani.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa wanaosoma Kiswahili huko: Wakenya wa Minnesota, Wakongomani wa Iowa na Ohio, madereva wa malori, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku alfajiri, wafanyakazi wa viwanda vya nyama. Wengi walikuja wakiwa na akili ya kutosha kuiogopa Januari. Januari haimdanganyi mtu. Ukifungua mlango unajua. Novemba ndiyo inayomtoa mtu nyumbani na sweta, gari halijawekwa matairi ya theluji, halina blanketi wala koleo kwenye buti, kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua.

Chombo kinachokaribia zaidi kile kilichohitajika mwaka 1940 kimekuja hivi karibuni tu. Tangu mwaka 2018 ofisi hizi hutoa tahadhari ya manyunyu makali ya theluji ya ghafla, yale yanayotembea pamoja na fronti na kuziba macho barabarani kwa dakika kumi au ishirini. Tahadhari hiyo haitolewi kwa jimbo wala wilaya nzima. Mtabiri huchora umbo kwenye ramani ya rada, akaandika mahali manyunyu yalipo sasa, yanaelekea wapi, kwa kasi gani, na yatafika barabara kuu saa ngapi. Hudumu kwa kawaida chini ya saa moja, na kali zaidi hupigwa moja kwa moja kwenye simu za walio ndani ya umbo hilo. Hesabu iliyo ndani yake ni ileile ya penseli: umbali, kasi, saa.

Nguvu za mifumo hii hazijapungua. Oktoba 26, 2010 mgandamizo wa hewa ulishuka hadi hektopaskali 955.2 huko Bigfork, Minnesota, chini sana kuliko Duluth ya 1940. Ile ya 2010 ilikuwa zaidi ya upepo kuliko theluji, kwa hiyo si haki kuzipima kwa idadi ya vifo. Kinachoweza kupimwa ni kwamba modeli ziliuona mfumo ule kabla haujajiunda, na tahadhari za upepo zilikuwa zimetolewa ulipofika.

Kinachobaki kigumu ni ukingo. Mfumo ukipita kilomita 50 mashariki ya ilivyotarajiwa, mji mmoja unapata mvua tupu na jirani yake unazikwa. Mvua itageuka theluji saa ngapi hutegemea tabaka la hewa lenye unene wa mita mia chache, na kosa la nyuzi moja au mbili humo linabadilisha sentimita 5 kuwa 30. Watabiri wa La Crosse na wa Chanhassen, iliko sasa ofisi ya Minneapolis na Saint Paul, hukosea hapo kila mwaka, na huandika hivyo wenyewe kwenye maelezo yao ya zamu. Saa ya fronti yenyewe, siku moja kabla, huwa wanaipata kwa tofauti ya saa chache. Asubuhi ya siku yenyewe, kwa tofauti ya dakika.